Ukuta wa Bibi na Chokaa Yangu ya Kwanza

Lipu ilianguka usiku wa mvua, wiki ya pili ya masika, na bibi wala hakuamka. Asubuhi alinipigia simu kwa sauti ile anayotumia kunipa habari za majirani: "Mwanangu, ule ukuta wako umevua nguo." Alisema "wako" kwa makusudi. Nyumba ni yake, aliijenga na marehemu babu kabla mama yangu hajaanza shule. Lakini saruji ile niliituma mimi.

Nyumba yenyewe iko kijijini upande wa Pangani. Vyumba vinne, ukumbi wa kati, nguzo za miti ya msituni, fito zimefungwa kwa kamba, vijiwe vimetomewa kati ya fito, kisha udongo mwekundu umekandikwa ndani na nje. Nilipokuwa mdogo paa lilikuwa la makuti. Bati lilikuja baadaye, na mimi nilikuja baada ya bati, na hela zangu za mshahara wa kwanza wa maana.

Nikubali jambo moja linalonitia haya. Nilipotazama ukuta ule sikuona ufa wowote wa kutisha wala shimo la kuziba. Niliona umaskini. Ukishakaa mjini miaka kadhaa, nyumba ya udongo ya kwenu inakuwa kama deni ambalo kila mgeni analisoma, na unataka kulilipa upesi, hata kwa dawa isiyohusiana na ugonjwa. Nikatuma hela. Fundi akagongomea waya wa kuku juu ya udongo, akapiga lipu ya saruji pande zote nne, kuanzia chini ardhini hadi kwenye bati. Picha nikaiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Mashangazi wakaniombea dua.

Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya usiku ule wa mvua.

Nilipofika Jumamosi nilikuta kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kimelala uani, kizima, waya wake nyuma umeoza na kuacha alama za kutu. Udongo uliobaki ukutani ulikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Fito za chini zilikuwa nyeusi. Na katikati, pale saruji ilipoachana na udongo, mchwa walikuwa wamejijengea barabara zao za kifalme, gizani, bila kuku wala jua la kuwasumbua. Bibi akachukua fimbo yake akaanza kugonga kuta nyingine moja moja. Ukuta uliokamatana na lipu hujibu kwa mlio mfupi, mzito. Ulioachana nayo hulia kama debe. Upande wa magharibi wote ulilia kama debe.

Kilichotokea si uchawi, wala fundi hakuiba saruji, maana hilo ndilo lililokuwa wazo langu la kwanza. Ukuta wa udongo haukai bila maji. Unayavuta kutoka ardhini, unayapokea kutoka kwenye pumzi za watu na mvuke wa vyungu, kisha unayaachia jua likitoka. Mfinyanzi ulio ndani yake hutanuka kidogo ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ni mwili unaopumua. Saruji ni ngumu, haitanuki nao, haisinyai nao, na mvuke hupita ndani yake kwa shida sana. Basi ukuta unapojinyoosha, lipu inapata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ya upepo inaingia kwenye nyufa hizo, ikishaingia haijui pa kutokea, na unyevu wa ardhini nao unapanda kwa nyuma. Ukuta unalowa chini ya koti lililotengenezwa ili usilowe. Nje bado panang'aa. Ndani udongo unarudi kuwa tope.

Nikamwuliza bibi zamani walikuwa wanafanyaje. Akanitazama kwa muda, mdomo umejaa tambuu. Alikuwa ametoka kupaka chokaa kidogo kwenye jani kwa ncha ya kidole, akaweka popoo na katu, akakunja. "Tulikandika kila mwaka," akasema. "Mwenye uwezo alipaka chokaa." Kisha akaniinulia kile kikopo chake kidogo. "Hii hii."

Nilikulia ndani ya chokaa bila kuifikiria. Shina la mwembe wa shuleni lilipakwa chokaa. Mistari ya uwanja wa mpira ilikuwa chokaa. Na ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani unapita Tongoni, ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, yakiupata upepo wa chumvi tangu kabla Wareno hawajaonekana kwenye maji haya mwaka 1498. Nguzo nyingi zimeanguka. Lakini pembeni mwa makaburi bado unakuta lipu iliyoganda kwenye jiwe, laini, yenye rangi ya jino. Nimepita pale mara ngapi? Shuleni tulipelekwa tukakimbizana juu ya makaburi hadi mwalimu akatufukuza. Sikuwahi kujiuliza kilichoshika lipu ile ni nini.

Kinachoishika ni safari ya jiwe kwenda na kurudi. Unachukua jiwe la chokaa, au tumbawe, au magamba ya kombe, unalichoma mpaka kwenye nyuzi joto kama 900. Hewa ya ukaa iliyofungwa ndani inatoka. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 tu, jepesi, jeupe, na lenye kiu ya ajabu. Ukilitia maji linachemka lenyewe bila moto, linapasuka, linakuwa unga au tope jeupe; huko ndiko kuzima chokaa. Tope hilo ukilipaka ukutani linaanza kurudisha ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, wiki baada ya wiki, mpaka linakuwa jiwe tena. Jiwe lile lile ulilolichoma, ila sasa limetandazwa kwa wembamba juu ya nyumba yako. Na jiwe hilo lina matundu madogo mno yanayopitisha mvuke. Ukuta wa udongo ukitaka kupumua, chokaa haiuzibi pua.

Haya niliyasoma baadaye. Siku ile nilichofanya ni kwenda dukani kununua mifuko miwili ya chokaa.

Mifuko ilikuwa imekaa stoo sana, mmoja umepasuka pembeni. Sikujua kwamba unga wa chokaa ukiachwa wazi unajimalizia safari yake humo humo mfukoni, unavuta hewa na kugeuka chaki. Ukiupaka ni sawa na kupaka vumbi. Zaidi ya hapo nilikoroga nzito kama rangi ya duka, ili nimalize kwa mkono mmoja, na nikapaka saa sita mchana juu ya udongo mkavu. Jioni ukuta ulikuwa mweupe kuliko nyumba zote kijijini. Siku ya pili yake bibi aliegemea ukuta akimsubiri muuza samaki, akainuka na mgongo mweupe wote, kanga imeharibika. Ukipitisha kiganja, chokaa inakuja yote na kiganja. Watoto wa jirani wakagundua kwamba wanaweza kuchora kwa vidole. Ndani ya siku mbili nilikuwa na ukuta wenye michoro ya ng'ombe, gari, na mtu mwenye kichwa kikubwa ambaye niliambiwa ni mimi.

Ndipo bibi akaniambia niende kwa mzee mmoja ng'ambo ya bonde, aliyekuwa akijenga kwa mawe ujanani. Nikamkuta anasuka mkeka barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba. Wewe ndiye uliyempaka bibi yako unga?" Habari zilikuwa zimetangulia.

Mzee huyu alichoma chokaa kwa mikono yake. Alinieleza tanuu lilivyopangwa: magogo yanalazwa duara, safu juu ya safu, katikati panaachwa tundu la kuwashia, mawe yanapangwa juu kama kichuguu, moto unakula kuanzia ndani. Likiungua vizuri, mawe yanashuka pamoja na majivu na rundo linajikalia pale nje likisubiri mvua izime chokaa yenyewe. Aliyasema kwa raha, halafu akanyamaza akasema pia kwamba msitu waliouingiza kwenye matanuu haukurudi. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu. Kuna sehemu za pwani yetu, Mafia na ghuba ya Mikindani zikiwemo, ambako matumbawe yalivunjwa baharini kwa ajili ya chokaa, na mwamba uliovunjwa ndio uliokuwa nyumba ya samaki. Kwa hiyo simsikilizi mtu anayeniambia chokaa ni usafi mtupu. Mkoani kwetu, bahati nzuri, jiwe la chokaa limejaa nchi kavu. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya jiwe hilo hilo. Hakuna sababu ya mtu wa Tanga kugusa tumbawe la baharini.

Tukapata gunia la mawe yaliyochomwa lakini hayajaona maji. Mzee alichagua kwa uzito: linaloonekana kubwa lakini likiinuliwa ni jepesi ndilo limeiva, zito bado lina moyo mbichi. Tukalikata pipa nusu, tukalifukia uani. Akaniamuru nivae viatu, mikono mirefu, nipake mafuta ya nazi kwenye mikono, na miwani niliyokuwa nayo ya jua nisiivue. Ndoo ya maji safi ikawekwa kando ambayo hairuhusiwi kufanyiwa kazi yoyote. Hiyo ni ya macho, chokaa ikiruka. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona picha za watu wakichezea kitu hiki peku. Chokaa inakula ngozi taratibu, na ikiingia jichoni unaosha kwa maji mengi, muda mrefu, kisha hospitali. Na maji yanatangulia pipani, mawe yanafuata moja moja. Ukigeuza utaratibu, ukamwagia maji juu ya rundo la mawe, linaweza kukurukia usoni.

Jiwe la kwanza lilizama, likakaa kimya kama limesahau. Halafu likaanza kunong'ona. Halafu pipa zima likachemka, mvuke ukapanda hadi kwenye mpapai, na kuku wote wakahama uani. Bibi alitoa kiti akakaa kutazama kama yuko kwenye ngoma. Tulikoroga kwa mti mrefu mpaka likatulia, tukachuja kwa chekeche, tukaacha maji vidole vinne juu ya tope ili hewa isiifikie, tukafunika. "Sasa rudi kwako," mzee akasema. "Njoo baada ya mwezi na nusu." Nilidhani ananitania. Chokaa iliyokaa inakuwa nyororo kama siagi, na vipunje vilivyochelewa kuzimika vinamalizika humo pipani badala ya kuja kupasukia ukutani.

Mwezi na nusu ule haukuwa wa bure, maana kazi kubwa haikuwa chokaa. Tulibandua saruji yote, hata ile iliyoonekana nzima. Tukabadilisha fito zilizooza. Chini, kimo cha goti, tukaondoa udongo na kujenga kwa mawe, kwa sababu mvua inayodondoka kutoka kwenye bati inagonga ardhi na kurukia ukuta, na hakuna chokaa ya dunia hii inayovumilia kupigwa hivyo kila siku. Bati tukaliongeza upenu. Kisha wanawake wa jirani wakaja kukandika, udongo na nyasi zilizokatwa na mavi ya ng'ombe, wakinicheka jinsi ninavyotupa tope kama naogopa kuumiza ukuta. Tukaungoja udongo ukauke, upasuke nyufa zake zote, tukaziba, tukangoja tena. Tusingengoja, kilichobaki cha kusinyaa kingesinyaa chini ya lipu, na mimi nilikuwa nimeshajifunza hilo kwa gharama.

Mzee alikataa katakata kazi ianze kwenye kaskazi. Tulianza Julai, kipupwe, jua limepoa. Chokaa ikikauka haraka haigandi kuwa jiwe, kwani inahitaji unyevu kidogo ili iweze kuvuta ile hewa. Ndiyo siri ya ukuta wangu wa kwanza: ulikauka, haukuiva.

Chokaa na mfinyanzi si ndugu wa damu. Usipowapa sababu ya kushikana, lipu ya chokaa nayo itabanduka kama saruji, ila kwa upole zaidi. Kwa hiyo ukuta wa nje tuliuchanachana kwa ncha ya panga, mistari ya kukatizana, tukaupiga fagio hadi vumbi likaisha, tukaunyunyizia maji mpaka ukawa na ubaridi lakini hautiririki. Mchanganyiko ulikuwa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa mto. Wa baharini hapana, chumvi yake inarudi kutoka ukutani kama ukurutu. Mchanga mzuri ukiusugua kiganjani una punje kali, kubwa na ndogo pamoja. Ndani yake tukatia katani iliyokatwa urefu wa kidole. Mkonge ulifika nchini mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani hapa hapa, na tangu hapo mkoa mzima umeishi kwa kamba zake. Ilinifurahisha kwamba mabaki ya katani yanayotupwa kando ya mashine ndiyo yaliyoshika nyumba ya bibi isipasuke.

Mkono wa kwanza haukupakwa, ulirushwa. Mzee anachota kwa mwiko na kuurusha kwa kifundo cha mkono, paa, na tope linajipachika kwenye mikwaruzo. Mimi nilirusha nusu ukutani, nusu kwenye shati. Tabaka lisizidi unene wa kidole chembamba. Kisha tukatundika magunia yaliyolowekwa mbele ya ukuta, na kazi yangu kwa siku nne ikawa kunyunyizia maji asubuhi na jioni kama mtu mwenye bustani. Penye nyufa tulisugua kwa kibao kabla haijakaza. Mkono wa pili ulifuata baada ya wiki, mwembamba zaidi, mchanga mlaini, na mzee akaumalizia kwa kuusugua na jiwe la mtoni. Pale alipokaza jiwe, ukuta ulianza kung'aa kidogo, ule mng'ao wa Tongoni. Nilisimama nikautazama bila kusema kitu, naye akasema, "Usiugonge sasa."

Vyumba vya ndani havikupewa lipu. Mvua haifiki huko. Tulilainisha udongo kwa kitambaa chenye maji, tukapaka chokaa tu.

Na hii ya kupaka ndiyo ningemwambia mtu aanze nayo, kama ukuta wake wa udongo ni mzima na hana hela. Unachota tope la pipani, unazimua kwa maji mpaka liwe jepesi kama maziwa ya ng'ombe, si mtindi. Unachuja. Sisi tulitia chumvi kidogo, maana chumvi huvuta unyevu na kuichelewesha chokaa isikauke upesi, na mwisho kabisa bibi akaleta bluu ya kufulia, punje chache, kama anavyofanya kwenye kanzu nyeupe, ili weupe usielekee kwenye umanjano. Lowesha ukuta, paka kwa mkono mwepesi, huku na huku, bila kurudia. Kwanza unadhani umepaka maji. Ukuta unabaki na rangi yake ya udongo na roho inakutuma uongeze uzito. Usiongeze! Kanywe chai. Ukirudi, weupe unakuwa unapanda wenyewe kutoka ndani, kama picha za zamani zilivyokuwa zikijitokeza gizani kwa mpiga picha. Siku inayofuata unalowesha tena, unapaka tena. Tulipaka mara nne nje, mara tatu ndani. Ukitaka rangi, udongo mwekundu uliochujwa unafaa, ngeu inafaa. Rangi nyingi za duka ukali wa chokaa unazila na kuziacha kama nguo iliyoanikwa mwaka mzima.

Siku ya tano nilimwomba bibi aegemee. Alikataa, akaniambia niegemee mwenyewe. Shati langu jeusi lilitoka na alama hafifu begani. Siku ya kumi halikutoka na kitu.

Masika tatu zimepita. Ukuta una nyufa, sitadanganya, nyembamba, hasa juu ya mlango. Lakini chokaa ikilowa inayeyuka kidogo mno na kuganda tena, na baadhi ya nyufa zile nilizozipigia picha mwaka wa kwanza leo sizioni. Upande wa kusini, unaopigwa na mvua ya upepo, weupe umechujuka na panahitaji mkono mwingine kila mwaka. Binamu yangu mmoja anaona huo ndio ushahidi kwamba nilipoteza hela: rangi gani ya kurudiwa kila mwaka? Sijui nimjibuje, kwani rangi ya bati lake nayo imebabuka na hajairudia. Kwetu sisi gharama ni ndoo moja kutoka pipani, na pipa bado lipo, limefunikwa, lina maji juu. Majirani wawili wameshakuja na ndoo zao. Mmoja aliipaka kwenye banda la mbuzi, akasema ataangalia mbuzi wanaonaje kabla hajagusa nyumba.

Mwezi uliopita nilipofika nilikuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: KWA JUU 3 KWA CHINI 0. Mechi ya watoto, mpira wa makaratasi. Aliyeandika hakuonekana. Nikachukua kitambaa na maji, bibi akanizuia. Alisema tutapaka Shaabani kama kawaida, kabla ya mfungo, itaondoka yenyewe. Mpaka hapo, kila anayepita kwenda kisimani anasoma matokeo, na jioni nilimwona mtoto wa Kwa Chini anazunguka nyuma ya nyumba ameshika kipande cha mkaa.